Nyumba za serikali Nairobi: chumba cha Mukuru, fleti ya Ngara ama ubaki kwa landilodi?

Tangu Mei 2025 funguo za zile nyumba 1,080 za kwanza za serikali za mtaa wa mabanda wa Mukuru zitolewe maswali hayaishi, kila mtu anauliza zile nyumba ni poa ama ni siasa tu, kuna waliojiandikisha Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuombea hizi nyumba, kitambo na bado wanangoja, kuna wanaokatwa 1.5% ya mshahara ya huu mpango wa nyumba kila mwisho wa mwezi na hiyo akaunti hawajawahi hata kuifungua. Mimi naona swali la "ni poa?" halimsaidii mtu. Kwa hizi estate unaeza pata majirani wawili mlango kwa mlango, chumba saizi moja, malipo yale yale, mmoja anamshukuru Mungu kila asubuhi na mwenzake anatafuta mtu wa kumwachia arudi alikotoka. Rangi ya ukuta na vigae haviwatofautishi, mara nyingi kinachowatofautisha ni vile pesa yao inaingia, kwa siku ama kwa mwezi, na kazi yao iko upande gani wa jiji.

Kwa hivyo kabla ya kulinganisha chochote hebu tukubaliane tunapima na nini. Cha kwanza ni pesa yote ya mwezi, na hapa nasema YOTE, manake kodi peke yake inadanganya. Halafu nafasi na vile mtu anaishi humo ndani na familia yake. Halafu maji, choo na stima. Halafu kazi na biashara. Halafu nani anaeza kukutoa hapo na kwa sababu gani. Mwisho, ukiwa na shida unagonga mlango wa nani. Hayo sita tu, na nitayapitisha kwa kila upande, ingawa kuna pahali nitakaa sana na pengine nitapita haraka kwa sababu hakuna mengi ya kusema.

Kitu kimoja kwanza ili tusichanganyikiwe. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imegawanya watu kwa kipato. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi anaingia kwa zile za kipato cha chini, wanaziita za kijamii, kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni zile za bei nafuu, ukipita hapo ni za watu wa kati. Na kukatwa hiyo 1.5% hakukupi nyumba, ni ushuru kama ushuru mwingine, mtu wa mshahara wa 18,000 anakatwa 270 na mwajiri anaongeza 270 nyingine, lakini kama hujaomba na hujalipa dipoziti hakuna mtu atakupigia simu. Aliye na 21,000 kwa karatasi lakini akikatwa makato yote anabaki na kitu kidogo sana, huyo ndiye naona ameumia zaidi, manake ni maskini kwa mfuko lakini kwa fomu ni wa daraja la pili.

CHUMBA CHA KIPATO CHA CHINI (Mukuru, Soweto ya Kibera na zinazofanana nazo)

Pesa ya mwezi. Kile chumba kimoja cha Mukuru, mita 20 za mraba, bei yake ni 640,000 na malipo ya mwezi, ya kukinunua pole pole, yalitangazwa kama 3,900 hivi. Cha mita 30 ni 960,000. Sasa watu wanaopanga vyumba vya mabati mtaani wakisikia 3,900 wanasema aah mimi nalipa 3,000 kwa nini nijiongezee mzigo. Chukua karatasi kwanza. Familia ya watu watano ndani ya mabati, kodi 3,000. Maji mitungi mitano kwa siku ya shilingi tano tano, hiyo ni 750 kwa mwezi, na hapo tumesema msimu mzuri, bomba zikikauka mtungi unapanda hadi kumi na zaidi. Choo cha kulipia shilingi kumi, kila mtu aende mara moja tu kwa siku, 1,500. Stima ya kuunganishiwa kienyeji na vijana wa mtaa, weka 400. Jumla 5,650, na bado unalala mahali moto ukishika jirani huna hata dakika kumi za kutoa godoro. Watafiti na Muungano wa Wanavijiji, ule muungano wa wakaazi wa mitaa ya mabanda, walikuwa wameonyesha hii maneno Mukuru kabla hata eneo halijatangazwa la mpango maalum 2017, kwamba maskini analipia lita moja ya maji bei kubwa kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri aliye na bomba ndani.

Lakini usikimbie kusherehekea. Ile 5,650 ya mabati inatoka kidogo kidogo, shilingi tano asubuhi, kumi mchana, na siku huna unachota maji kidogo, unaomba jirani, landilodi unamwambia ngoja Ijumaa. Ile 3,900 inakuja mara moja, na juu yake kuna ada ya huduma ya taka, askari wa geti, taa za ngazi, lifti, na bado tokeni za stima na bili ya maji. Mtu wa kibarua, leo amepata 700 kesho hakuna kitu, hapo ndipo anachomeka. Nyumba ameipenda, choo ndani amekipenda, lakini kila tarehe za mwisho tumbo linauma.

Na hii tumeiona tayari, si mambo ya kubahatisha. Soweto ya Kibera nyumba 822 zilikabidhiwa 2016, chumba kimoja kilikuwa 600,000, watu walijiunga kwa ushirika wakaweka akiba ya dipoziti miaka. Kuna walioingia na wako huko hadi leo na watoto wamekulia hapo. Kuna wengine wamepangisha chumba kimoja ndio walipie hicho kingine, na kuna waliopangisha nyumba yote wakarudi mabatini na hiyo tofauti ya pesa wanaila. Watu wa nje wakaita hiyo ulafi. Mimi siiti hivyo, mtu akipata kitu cha kumwingizia shilingi elfu kadhaa kwa mwezi na hana kazi ya uhakika, ataacha pesa ndio akae kwa vigae?

Nafasi. Mita 20 za mraba ukiwa unatoka kwa mabati ya futi kumi kwa kumi ni mara mbili na zaidi, ni raha. Lakini mabati yana kitu watu husahau kuhesabu, nje. Nje ndio jikoni, ndio sebule, ndio pa kufulia, mtoto anacheza unamwona kutoka mlangoni. Ukipanda gorofa ya saba hiyo nje imeisha. Jiko la makaa halipandi, unanunua gesi, na ule mtungi wa kilo sita lifti ikiwa imelala unaubeba begani gorofa kwa gorofa. Nguo zinang'ang'ania kamba moja ya balkoni. Watu wa Kibera waliohamishiwa zile nyumba za muda za Lang'ata 2009, zile watu walizipa jina Canaan, walikuwa na shida ingine tofauti kabisa, nyumba moja ya vyumba vitatu inaingia familia tatu, kila familia chumba chake, jiko moja, choo kimoja, bafu moja. Hebu waza asubuhi saa kumi na mbili, wanawake watatu na sufuria tatu za uji juu ya kaunta moja, watoto saba wanangoja choo. Hapo nyumba ni mpya, maji yako, stima iko, na bado watu wananuniana wiki nzima kwa sababu ya sifongo ya kuoshea vyombo. Kwa hivyo uliza mapema, chumba ni changu na kila kitu, ama nagawana na mtu?

Maji, choo, stima. Hapa hakuna ubishi, ndio mahali hizi nyumba zinashinda. Choo ndani usiku, kwa mama na kwa msichana, hicho pekee kimefanya watu wengi waseme hawarudi tena. Kukauka kwa bomba bado kutakupata, Nairobi yote ina mgao, lakini angalau kuna tangi.

Kazi. Mukuru iko karibu na Industrial Area, mtu anatembea kwa mguu hadi godauni na kurudi, hiyo nauli anayookoa ni kama kaongezwa mshahara. Shida ni kwa anayefanyia biashara mlangoni. Mama chapati aliyekuwa na meza nje ya mabati, wateja wanapita, akipanda gorofa ya sita nani atampandia akitafuta chapati mbili? Anahitaji kibanda huko chini, na kibanda kina foleni yake na ada yake. Mkokoteni nao utaulaza wapi?

Nani anaeza kukutoa. Hapa kuna amani kuliko mabati, manake hakuna tingatinga la usiku. Lakini si yako kabisa hadi umalize kulipa, na sheria inasema huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Soma mkataba ile sehemu ya kuchelewa kulipa, isome mara mbili. Na uangalie jina lililoandikwa hapo ni la nani, mkiwa wawili hakikisha nyote mko, manake mzee akienda zake ama akifa ndio mama anagundua kwa karatasi yeye hayuko.

Malalamiko. Bado ni shida. Bomba likipasuka kwa landilodi unamjua ni fulani, unamfuata hadi kwa duka lake. Kwa hizi kuna msimamizi, kuna kamati, kuna ofisi, na kila mmoja anakuonyesha mwenzake. Estate zilizo na kamati ya wakaazi yenye nguvu hukaa vizuri, zisizo nayo lifti inaeza lala mwezi.

Inamfaa nani? Mwenye mshahara mdogo lakini wa uhakika. Askari wa geti, mfagizi wa ofisi, mwenye kazi ya kiwanda, ama mama wa biashara aliyezoea kuweka pesa chama kila wiki bila kukosa. Na familia yenye watoto wa shule, hao ndio hufaidi zaidi.

FLETI YA BEI NAFUU (Ngara Park Road na ndugu zake)

Park Road ndiyo ilikuwa ya kwanza kabisa ya huu mpango, enzi za Rais Uhuru Kenyatta na mpango wake wa Ajenda Nne Kuu, fleti 1,370, na walioingia wengi watakuambia jambo moja kabla ya yote, mahali. Unatembea hadi Globe, unaingia tao, hakuna matatu, hakuna kuamka saa kumi usiku. Kwa mtu aliyekuwa anaishi Kitengela na kufanya kazi mjini, hiyo peke yake inafunika makosa mengi ya nyumba.

Pesa ya mwezi hapa inaanza na dipoziti, na dipoziti ndiyo huchuja watu. Bei ni ya mamilioni, si ya mamia ya maelfu, riba ni ya tarakimu moja kwa hivyo ukilinganisha na mkopo wa nyumba wa kawaida wa benki unaona afueni, na kuna Sacco zinazokopesha kupitia ile kampuni ya KMRC, inayowapa wakopeshaji pesa za mikopo ya nyumba, pia. Ada ya huduma ni kubwa kuliko kule kwa vyumba vya kijamii, na hapa ndipo manung'uniko mengi ya wakaazi huzaliwa, kwa fleti zozote za mji huu, za serikali na za watu binafsi: mtu alipiga hesabu ya mkopo, ada hakuihesabu, halafu jirani wa gorofa ya tatu halipi na lifti inaharibika kwa wote.

Nafasi ni ya kawaida ya fleti ya Nairobi, si kubwa, familia ya watoto wanne itabanana. Maji na stima sawa tu. Kazi, kama ni ya ofisi ama duka mjini uko sawa, kama ni ya kufungua meza nje ya mlango sahau. Kutolewa ni vigumu ukilipa kwa wakati, na tangu Sheria ya Sectional Properties ya 2020 fleti inaeza kuwa na hati yake yenyewe, ambayo ni kitu cha maana ukifikiria watoto. Kizuizi cha kuuza bila idhini kiko hapa vile vile.

Kuna jambo moja linanikera na lazima niliseme. Hizi nyumba za watu wa chini huwa na tabia ya kupanda ngazi. Umoja ilijengwa miaka ya sabini kwa msaada wa Wamarekani ikilengwa watu wa kipato kidogo, ikaishia kwa watu wa ofisi. Dandora Benki ya Dunia ilianza 1975 na ploti 6,000 watu wajijengee pole pole, leo ni magorofa ya kupangisha na mwenyewe ako kwingine. Kwa hivyo ukiingia Ngara ama yoyote usishangae jirani wako akiwa mpangaji wa mtu ambaye hujawahi kumwona. Na huyo mpangaji hesabu yake ni ya upande wa landilodi, si ya hapa, asijidanganye kwamba ako kwa nyumba ya serikali.

Inamfaa mwalimu, nesi, karani, mwanandoa wote wawili wanafanya kazi, mtu aliyekuwa tayari anaweka pesa Sacco. Haimfai mtu anayetegemea komisheni mwezi mmoja juu mwezi mwingine chini, isipokuwa awe na akiba ya miezi kadhaa pembeni.

KUBAKI KWA LANDILODI (mabati ama gorofa za mtaa wa Pipeline, Embakasi)

Watu huliongelea hili kama vile ni kushindwa maisha. Si kweli, kuna watu wamechagua na wana sababu.

Pesa ya mwezi tumeshaipiga upande wa mabati. Gorofa za Pipeline chumba kimoja ni kama 4,000 hadi 6,000, choo cha kugawana koridoni, tokeni unanunua ama stima iko ndani ya kodi. Dipoziti ni ya mwezi mmoja, si ya makumi ya maelfu. Na uzuri mkubwa hapa ni kuhama. Kazi ikiisha Embakasi na kupatikana Ruiru, unapakia vitu kwa probox jioni moja na umeenda. Mwenye nyumba ya serikali hawezi.

Nafasi ni mbaya, tusidanganyane. Pipeline magorofa yamekaribiana hadi chumba cha ndani taa inawaka saa sita mchana, na nguo hazikauki. Maji yanapanda siku zake, ukikosa hiyo siku unabeba mitungi hadi gorofa ya nane.

Kazi ndio nguvu yake. Soko liko chini ya nyumba, kinyozi, mama mboga, fundi wa simu, kila mtu anauzia kila mtu, ukianza biashara ya 1,000 leo kesho una mteja. Hii kitu wanaobuni miradi ya nyumba huisahau kila mara.

Kutolewa ndio doa lake kubwa. Mukuru kwa Njenga 2021 watu maelfu kwa maelfu walibomolewa kwa ajili ya barabara, na Mei 2024 baada ya mafuriko wa kando ya mito Mathare na Mukuru wakaambiwa watoke, mita 30 kutoka mtoni, na tingatinga likafuata. Mpangaji wa mabati hapo hana karatasi, aliye na stakabadhi ni nadra. Upande wa magorofa hatari ni ingine, Huruma Aprili 2016 jengo liliporomoka mvua ikinyesha na watu zaidi ya 40 wakafa, kwa hivyo ukiona nyufa na msimamizi anakuambia ni rangi tu, tafuta pengine. Na jambo ambalo wachache wanajua, kodi isiyozidi 2,500 inalindwa na ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Cap 296, unaeza kwenda kwa baraza la kodi landilodi akikuongezea kiholela ama akikufungia mlango. Ila huko bila risiti utaenda kusema nini? Malalamiko mengine unamalizana na msimamizi wa ploti, na kama ni mtu mzuri nyumba yote inakuwa nzuri.

Inamfaa kijana anayeanza, wa kibarua, anayehamahama, na anayekusanya pesa ya ploti yake Joska ama Kamulu na hataki kufunga pesa yake kwa chumba cha mjini miaka mingi.

SASA KULINGANA NA HALI YAKO

Kama mapato yako ni ya kila siku na hayatabiriki, jipime kabla ya kuomba. Miezi sita mfululizo weka pembeni tofauti kati ya kodi yako ya sasa na malipo ya ile nyumba pamoja na ada, kwa chama ama kwa simu. Ukiweza bila kugusa, omba. Ukishindwa mara mbili, tatu, baki kwa landilodi kwanza, manake utaingia ukipendeza na kutoka ukiwa na deni.

Kama una watoto wa shule na mshahara chini ya 20,000, nenda Boma Yangu leo, na usichague mradi kwa sababu picha ni nzuri, chagua ule ulio karibu na kazi na shule ya watoto. Nauli ya watu watatu kila siku itakula faida yote.

Kama riziki yako ni meza ya nje, uliza kuhusu kibanda cha biashara kabla ya kuuliza kuhusu chumba. Hakuna kibanda, subiri.

Kama mnafanya kazi wawili na mna akiba Sacco, fleti ya upande wa Ngara ina mantiki, ila omba uonyeshwe ada ya huduma kwa maandishi, na uende hapo jioni uongee na wakaazi wawili watatu kwa ngazi, si kwa ofisi ya mauzo.

Kama unaishi na mzee, mgonjwa ama mtu wa kiti cha magurudumu, ombea gorofa ya chini kwa maandishi wakati wa kuomba, na uende uone hiyo estate siku stima imepotea, uangalie kama lifti ina jenereta ama watu wanabebana.

Na kama utabaki mahali uko, anza wiki hii kulipa kodi kwa M-Pesa badala ya mkononi, na zile meseji usizifute.